Niliingia wa Kwanza Kwa Babu, Nikamtaja Binamu Yangu

Nimekosa. Na safari hii simsingizii mtu.

Naomba mnivumilie. Mimi ni mwalimu, na mwalimu hawezi kusema jambo bila kulianzia mbali. Nitakwenda pole pole, ili hata wewe ambaye hujawahi kufika mkoani Mara unielewe. Majina ya watu nimeyabadilisha yote. Kosa sijalibadilisha.

Nilikuwa nafundisha sayansi Musoma, nakaa Mwisenge. Ile miaka ya shida, sabuni ya kupanga foleni na sukari ya kugawiwa, nilipata bahati ya kupelekwa Japani miezi kumi kusomea ufundishaji. Ndugu zangu, mtu anatoka kwenye foleni ya sabuni anatua Japani! Wiki ya kwanza nilikuwa natembea barabarani kama mtu aliyepigwa na usingizi.

Tuliwekwa kwenye mji mdogo wenye vilima. Jumamosi na Jumapili hakuna darasa, na sikuwa na mtu wa kuongea naye. Basi nikaanza kuzunguka kwa miguu. Bustani za kupumzikia, mahekalu ya Kibudha yenye kengele kubwa na harufu ya ubani, na zile nyumba ndogo za miungu yao ambazo ziko kila kona.

Hizo nyumba ndogo ndizo zilizonishika moyo. Unaanza kuona lango jekundu lisilo na mlango, nguzo mbili tu na boriti juu. Unapita, unakuta ngazi za mawe, miti mirefu imeinama kila upande. Pembeni kuna birika la jiwe na vikombe vya mianzi vyenye mipini mirefu. Unanawa mkono wa kushoto, unanawa wa kulia, unasukutua mdomo. Unakwenda mbele, unarusha sarafu kwenye sanduku, unainama, unapiga makofi mawili, unaomba, unainama tena.

Niliyajua haya kwa sababu ya Bwana Sato, mkufunzi wetu, mzee wa watu mwenye miwani mizito. Kiingereza chake kilikuwa cha kuokoteza kama changu, kwa hiyo tulielewana sana. Alinifundisha hata kupita pembeni ya njia, kwa sababu katikati ni njia ya mwenye mahali pale.

Hakuna aliyenizuia popote! Mweusi peke yangu, mgeni, sina dini yao. Bibi mmoja aliyekuwa anafagia majani alinipa chungwa. Watoto walikuwa wanakimbizana kati ya sanamu za mbweha zilizofungwa vitambaa vyekundu shingoni. Langoni kuna mtu anauza aiskrimu. Nikajiambia, kumbe mahali patakatifu panaweza kuwa hivi! Pako wazi, pamefagiliwa, hapamtishi mtu.

Sasa nisikilizeni hapa, maana kosa langu lilianzia hapa.

Siku moja, nikiwa na Bwana Sato, nilizunguka nyuma ya nyumba mojawapo, nikaona msitu mzito umepanda kilima. Mbele yake kulikuwa na kamba nene ya majani ya mpunga, imefungwa kutoka mti hadi mti, imening'inizwa vipande vya karatasi nyeupe. Nikainua mguu niivuke. Bwana Sato akanishika shati kwa nyuma. Akanishika kwa nguvu.

"Hapana," akasema. "Huko haingii mtu. Hata mimi. Hata kuhani wa hapa."

"Kuna nini?"

"Hakuna anayejua. Ndiyo maana tunapiga makofi huku nje."

Nilicheka kidogo kwa adabu, tukaenda kunywa chai. Nikasahau. Nikarudi nyumbani nikiwa na nusu ya somo, na hiyo nusu nikaiita elimu.

Nilikuta nchi imebadilika. Kila kitu ruksa. Mitumba imejaa, maduka yamejaa, na Mwigobero pale ziwani wanunuzi wa sangara wanagombania mitumbwi kabla haijatia nanga. Kila mwenye nguvu alitaka mtumbwi wake.

Kwetu ni kijijini, upande wa Buswahili, si mbali na Mto Mara. Ukoo wetu una msitu mdogo tunaouita Kwa Babu. Kama ekari tatu hivi, mivule mitupu, mikubwa ya kukumbatiwa na watu watano. Umezungushiwa mawe. Chini yake, nje ya mawe, palikuwa na chemchemi ambayo wanawake wa vitongoji viwili walichota miaka yote. Hata ile miaka ya njaa haikukauka.

Miiko yake ilikuwa michache. Haingii mtu ila mlinzi, tena mara mbili kwa mwaka, kabla ya kupanda mtama na baada ya kuvuna. Anaingia peku, bila chuma chochote mwilini. Tawi likidondokea nje ya mawe ni kuni zako. Likidondokea ndani linaoza humo humo.

Na kuna mwiko mmoja mkubwa. Mwiko ukivunjwa, kosa lote ni la yule aliyeingia wa kwanza. Wanaofuata, hata wakiwa mia, wamefuata tu. Huyo wa kwanza anatakiwa asimame pale kwenye mawe mbele ya ukoo, aseme kwa mdomo wake, "Ni mimi." Achinjiwe kondoo, mahali pasafishwe, pafungwe. Lakini lazima awe yeye mwenyewe. Wakimsafisha mwingine, hapafungiki.

Mlinzi alikuwa Shangazi yangu. Baba alikataa kazi hiyo alipookoka, ikabidi dada yake aichukue. Alikuwa amerudi kutoka kwa mume na mtoto mmoja mgongoni, Magesa, tukakuzwa pamoja kama ndugu wa tumbo moja. Shangazi alikuwa na mdomo! Niliporudi Japani nikamsalimia kwa kuinama, akasema mbele ya watu, "Huyu walikuwa wanamlishaga nini huko? Mbona anainamainama kama kuku anadonoa?"

Mwaka uliofuata nyonga ilimshika, akawa hawezi kutembea. Nikamchukua kwangu Mwisenge awe karibu na hospitali. Siku tunaondoka kijijini alinishika mkono.

"Wewe umesoma," akasema. "Mpaka nirudi, Kwa Babu pako mikononi mwako. Usiingize mtu."

"Sawa, Shangazi."

"Sijasema useme sawa. Nimesema usiingize mtu."

Nilimjibu sawa tena! Mara ya pili.

Magesa alikuwa fundi wa mitumbwi pale Mwigobero. Fundi mzuri, ila mbao hana. Mivule ilikuwa imeadimika, na wateja wanamkimbia kila siku kwenda kwa mafundi wenye mbao. Jumapili moja tulikutana kijijini, nyumbani kwake. Mkewe, Nyangeta, alitupa chai na viazi, akajifunga kanga akaenda kanisani. Nikaanza hadithi zangu za Japani.

"Kwa hiyo hao Wajapani wanaingiaga tu?" Magesa akaniuliza.

"Wanaingia. Watoto, wazee, mpaka mimi mgeni."

"Na hawafi?"

"Wafe kwa nini? Langoni kuna mtu anauza aiskrimu."

Alicheka mpaka chai ikamtoka puani. "Aiskrimu! Sasa Kwa Babu mtu angeuza nini? Togwa?"

Kisha akaacha kucheka. "Kaka, ile mivule inazeekea mle bure. Mmoja tu ungenitoa kwenye aibu. Lakini naogopa. Tangu utoto naogopa."

Hapo ndipo nilipotakiwa kunyamaza. Lakini mimi nikiona mtu haelewi, ulimi unaniwasha. Nikamweleza kwa upendo kabisa. Nikamwambia hofu ni kukosa maelezo tu, na maelezo ninayo. "Twende," nikasema. "Nitatangulia mimi, uone."

Watu wote walikuwa kanisani. Nilivuka mawe na viatu vyangu vya ngozi, funguo mfukoni, saa mkononi. Magesa akabaki nje, amekunja mikono kama mtu mwenye baridi. Na jua lilikuwa linachoma!

Ndani palikuwa kimya kuliko nilivyotegemea. Nje ndege walikuwa wanalia. Nilipopiga hatua kama kumi, sikuwasikia tena. Chini palikuwa laini, mguu unazama kwenye majani ya miaka na miaka. Nilihisi unyevu shingoni, kama kuna mtu nyuma yangu anapumua. Nikajieleza kimoyomoyo kwamba ni kivuli, ni mvuke wa miti, joto limeshuka.

Nikafika katikati. Nikainama, nikapiga makofi mawili kama nilivyofundishwa. Makofi yakaondoka, hayakurudi. Kisha kitu kizito kikajitupa juu ya matawi, majani yakamwagika kichwani kwangu.

"Kaka!" Magesa akapiga kelele.

"Hondohondo tu!" nikamjibu. "Njoo!"

Sikumwona huyo hondohondo. Nasema kweli leo. Sikuona ndege yeyote.

Magesa akaingia. Aliweka mguu pale pale nilipoweka wangu, hatua kwa hatua, mpaka akanifikia. Akagusa mvule mmoja kwa kiganja, akaanza kulia machozi. Nikampigapiga bega. "Umeona? Hakuna kitu. Chukua ule uliokauka kileleni. Mmoja tu."

Wiki mbili baadaye walikuja wapasua mbao wawili kutoka Bunda na msumeno wao mrefu. Kijiji kizima kilikaa mbali kinaangalia, kikisubiri waanguke. Hawakuanguka. Walikula ugali wao, wakalala, wakaamka, wakapasua. Mtumbwi wa Magesa ukatoka.

Basi! Hofu ilipoondoka hakuna tena kilichobaki cha kuzuia mtu. Huyu akakata wa milango ya nyumba yake, huyu wa kitanda, mwingine akaleta watu wa mkaa. Hakuna aliyeomba ruhusa, maana hakuna kilichomtokea aliyetangulia. Kabla mtama haujaiva, Kwa Babu palikuwa visiki. Mimi nilikuwa Musoma, ubaoni, nawafundisha wanafunzi kwamba miti hutunza vyanzo vya maji. Nilichora na mishale!

Habari zililetwa Mwisenge na Mzee Wambura, msemaji wa ukoo wetu. Shangazi alikuwa barazani kwangu, anachambua dagaa kwenye ungo. Mzee alisema yote. Shangazi akaendelea kutoa mchanga, dagaa baada ya dagaa.

"Nani aliingia wa kwanza?" akauliza.

Mzee Wambura akasema, "Ndilo tunalotafuta. Wapasua mbao wanasema walimfuata Magesa. Magesa hasemi kitu."

Shangazi akanigeukia. "Wewe ndiye nilikuachia. Nani?"

Jamani. Nimeeleza maelfu ya mambo maishani. Hilo lilikuwa linahitaji neno moja fupi. Nikafikiria wanafunzi, nikafikiria mkuu wa shule, nikafikiria ukoo mzima unaoniita mwalimu. Nikasikia mdomo wangu unasema, "Magesa, Shangazi."

"Magesa wangu?"

"Ndiyo."

Alichambua dagaa watatu wengine. Nakumbuka ni watatu. Kisha akasema, "Basi sikuzaa."

Kesho yake nilimfuata Magesa Mwigobero. Alikuwa anaziba nafasi za mbao kwa pamba, nyundo mkononi. Hakuacha kugonga.

"Umenitaja," akasema.

"Magesa, nielewe. Nina kazi ya serikali. Nimeaminiwa. Wakisikia ni mimi..."

"Mimi nilikuwa nyuma yako, kaka. Nilikanyaga nyayo zako."

"Najua. Nakuomba. Ni kondoo mmoja tu, nitamlipia mimi. Useme ni wewe, yaishe."

Akagonga, akagonga. Mwisho akaweka nyundo chini. "Tangu utoto wewe ndio ulikuwaga unanieleza. Haya, nitaubeba. Lakini siku ukipona woga, uje unitue."

Magesa alisimama kwenye yale mawe mbele ya ukoo. Mzee Wambura akamwuliza mara tatu, "Ni wewe wa kwanza?" Mara tatu akajibu, "Ni mimi." Nilikuwa hatua tano kutoka kwake, nimeshika daftari. Shangazi hakuja, alikataa kumwona. Kondoo akachinjwa. Mzee akainamia matumbo ya kondoo akiyasoma muda mrefu, akapaka majani ya tumboni juu ya mawe, akanawa mikono.

"Kuna kitu hakijasemwa," akasema.

Watu wote wakamwangalia Magesa. Mimi pia nikamwangalia. Mungu anisamehe, mimi pia nikamwangalia!

Mwaka ule chemchemi ilianza kuchelewa. Ndoo iliyokuwa inajaa ukihesabu hadi ishirini, sasa unaweka unakwenda kupalilia mstari mzima wa mihogo, unarudi bado. Kiangazi kilichofuata pakabaki tope. Kilichofuata tena, vumbi. Vyura walihama, nyuki walihama. Wanawake wakaanza kwenda mtoni.

Mliokaa karibu na Mto Mara mnaujua. Maji yake ni ya kahawia, hayaonyeshi kilichomo. Mamba wamekuwamo siku zote, lakini watu wetu hawakuwa na haja ya kwenda huko. Sasa haja ikawepo, asubuhi na jioni.

Nyangeta, mke wa Magesa, alikwenda asubuhi na wenzake wanne. Walisema alikuwa anawachekesha njiani, anamwiga mchungaji akikohoa. Aliinama wa mwisho. Walisikia maji yakipigwa mara moja tu. Walipogeuka, ndoo imesimama wima ukingoni na kata ya kitambaa ya kubebea kichwani iko kando yake, kavu.

Hatukupata cha kuzika.

Kijiji kikasema Magesa amelipwa. Walimwambia usoni, kwenye matanga ya mkewe! "Ulifungua, sasa umeona." Magesa alinitazama mara moja, akaangalia kando. Baada ya wiki aliondoka kwenda visiwani. Tangu siku hiyo sijui anaishi au la. Kwenye matanga hayo mimi nilitoa hotuba ya familia. Nilieleza vizuri, watu walilia.

Shangazi alikaa kwangu hadi mwisho. Nyonga iliisha nguvu, akawa wa kitandani. Siku moja mchana namlisha uji, akashika kijiko.

"Kama ni Magesa kweli," akasema, "na alisema kwa mdomo wake, mbona maji hayajarudi?"

Ungefikiri sasa ningesema. Tulikuwa peke yetu. Hakukuwa na ukoo, hakukuwa na mkuu wa shule. Kulikuwa na mwanamke mzee aliyemfuta mtoto wake kwa sababu yangu.

Nikaanza kueleza. Nilimweleza mizizi inavyoshika mvua ardhini, na udongo ukikosa kivuli unavyokuwa mgumu kama sakafu, na maji yanavyokimbilia mtoni badala ya kuzama. Nilieleza kwa utaratibu, na kila neno lilikuwa kweli. Alinisikiliza mpaka mwisho, hakunikatiza hata mara moja, yeye ambaye alikuwa anakatiza kila mtu.

"Unaelezaga vizuri, mwanangu," akasema.

Akageukia ukutani. Hakusema nami tena, na siku ya nne akafa.

Ukoo ulikaa, wakasema ulinzi wa Kwa Babu ni wangu, kwa kuwa ndiye niliyemtunza mlinzi. Nikapokea! Mara mbili kwa mwaka navua viatu, natoa funguo na saa, naingia kwenye visiki peku. Watu wananisubiri nje na matumaini. Nikitoka wananiuliza, "Mwalimu, kuna nini?" Nawaambia tuvumilie.

Ndugu msomaji, usidhani nakuambia uogope kila kitu. Tembea. Ukienda nchi za watu, ingia kwenye mahekalu yao na bustani zao, nawa mikono kama wao, inama kama wao. Ni jambo zuri, nalikumbuka kwa furaha hata leo. Ila angalia pia pale ambapo wenyewe wanasimama. Na ukirudi kwenu, kabla hujamwondolea mtu hofu yake, jiulize hiyo hofu ilikuwa inalinda nini. Mimi nilikuwa na shahada na sikujiuliza.

Na wewe uliyemtaja mwingine, hata kama ni miaka mingi, usifanye nilivyofanya. Usingoje upate maneno mazuri. Nenda leo, simama mbele ya watu, sema mawili tu, "Ni mimi." Ukiongeza la tatu umeshaanza kujitetea.

Magesa, kama gazeti hili limekufikia huko visiwani, utajijua ingawa jina nimelibadilisha. Nimesema.

Lakini unaona? Nimeandika kurasa zote hizi, na chini yake sijaweka jina langu. Mvua za vuli zimekaribia, Jumamosi hii ukoo utanisubiri kwenye mawe, na mpaka naandika haya sijui nitakachowaambia.